Kwale wa Nyuma ya Shule

Nilichaguliwa kufundisha watoto mambo ya porini kwa sababu nilikuwa na bote.

Barua ilikuwa imetoka bureau, ofisi ya elimu kule Fizi-Centre, ikisema kila shule ya msingi ianzishe kipindi cha mazingira baada ya masomo, mara mbili kwa juma. Dirikteri, yaani mkuu wa shule yetu hapa Baraka, alituita walimu wote saba chumbani kwake, akaisoma barua mara mbili kwa sauti, kisha akaanza kututazama miguu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Wenzangu sita walikuwa wamevaa ndala na viatu vya plastiki vilivyojaa tope. Mimi peke yangu nilivaa bote za mpira, za kijani, alizoniachia kaka yangu alipohamia Uvira.

"Madamu wa mwaka wa tano," akasema, "we uko na bote. Utafanya hii kazi."

Nikamwambia mimi sijui lolote la porini.

"Utajua," akajibu, akakunja barua, na kikao kikaisha.

Nilikuwa nasema kweli. Nilizaliwa hapa hapa Baraka, nyumba ya tatu kutoka mahali wanapoanika ndakala, dagaa wa ziwani. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Wanyama niliowajua vizuri walikuwa kuku, mbuzi na mende, na katika hao watatu ni mbuzi tu ambaye hakunitisha. Miti niliijua kwa matunda yake. Mti usiokuwa na matunda niliuita kuni. Sasa nilipewa watoto ishirini na wawili, kila Jumatano na Ijumaa, saa saba mchana, wakati ambao tumbo la mtoto wa shule linaongea kuliko mwalimu.

Wazazi walikubali kwa sharti moja: tusivuke kijito kilicho nyuma ya shule. Sababu hawakuitaja, na mtu wa Fizi, aliyezoea milio ya bunduki za porini, hahitaji kutajiwa. Kwa hiyo pori letu lote lilikuwa kipande cha nyasi ndefu kati ya choo cha shule na hicho kijito, na unaweza kukizunguka kabla wimbo wa taifa haujaisha.

Kwa siku ya kwanza Dirikteri alinipa kitabu alichokikuta kabatini, kidogo, cha Kifaransa, kisicho na jalada. Kilieleza namna ya kusimamisha hema juu ya theluji na namna ya kujiokoa ukikutana na dubu. Sikuwa na kitu kingine, nikawafasiria nilichokiona.

"Ukikutana na dubu," nikasoma, "usikimbie. Simama, uongee naye kwa sauti ya upole."

Kisha mkono ukapanda kutoka benchi ya nyuma. Alikuwa kijana mnene kidogo, mtoto wa mama muuza mandazi wa pale sokoni.

"Kwa luga gani, Madamu?"

Swali lilikuwa la haki. Wengine walisema Kibembe, maana nyama ya porini lazima ijue luga ya wenye pori. Wengine walisema Kifaransa, kwa kuwa kitabu chenyewe ni cha Kifaransa. Mmoja akauliza huyo dubu anakaa wapi, na jirani yake akamjibu kwamba bila shaka anakaa Minembwe, kwa sababu ndiko kwenye baridi. Hapo wote wakamgeukia msichana mmoja mwembamba ambaye familia yake iliteremka kutoka huko juu miaka michache iliyopita. Alifikiri kwanza. Yeye hakuwa mtu wa kujibu haraka.

"Kwetu baridi iko," akasema. "Lakini hiyo nyama haiko. Baba angenionyesha."

Nikafunga kitabu na sikukifungua tena.

Ijumaa nikaja na mpango wangu mwenyewe. Kila mtoto atoke, akae kimya mahali pamoja, achague kiumbe kimoja, akiangalie, kisha aandike mambo matatu kwenye kaye yake. Nilijivunia mpango ule. Jioni nikakaa mbele ya nyumba na zile daftari ishirini na mbili, nikafungua ya kwanza.

"Hii ndege iko nyeusi. Iko na mudomo mufupi. Nyama yake iko kidogo lakini tamu."

Ya pili ilikuwa juu ya panzi. Anaruka, ana miguu sita, anataka chumvi. Ya tatu ilikuwa juu ya mjusi: "Hii hatukulaka. Lakini mujomba alijaribu." Nikaendelea kusoma huku nikicheka na kujifuta macho hadi jirani akauliza kama kuna msiba. Watoto wangu walikuwa wameangalia vizuri, siwezi kukana, lakini kila walichokiangalia walikifikisha kwenye sufuria. Na Kiswahili chetu cha huku hakikunisaidia, maana mnyama na nyama kwetu ni neno moja. Ukimwambia mtoto wa Baraka aende akaangalie nyama, atafikiria nini, mbuga au sahani? Atafikiria sahani.

Kaye ya mtoto wa mandazi niliiwekea swali kwa wino mwekundu: "Na maisha yake je?" Jumatatu alijibu chini yake kwa mwandiko safi: "Maisha yake iko mafupi."

Daftari moja tu haikuwa na chakula. Yule msichana wa Minembwe alikuwa ameandika kurasa nne juu ya ng'ombe aliyekuwa akipita upande wa pili wa kijito: rangi yake, mwendo wake, pembe, umri, na kwamba siku ile hakuwa na furaha kwa sababu mwenye kumchunga alikuwa na haraka. Nikamwandikia kwamba ni kazi nzuri sana, lakini safari ijayo achague kiumbe kisichokuwa na mwenyewe.

Jumatano iliyofuata nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: TUNAANGALIA, HATULI.

Kijana wa mandazi akainua mkono. "Madamu, tukisha kuangalia, njo tunakula?"

"Hapana."

"Hata kesho yake?"

"Hata kesho yake."

"Na kama imekufa yenyewe?"

Nikamwambia akae. Akakaa, lakini niliona kwamba hakuridhika, na wenzake kama kumi hivi walikuwa upande wake.

Baada ya hapo tulijifunza kutembea bila kelele. Ninasema tulijifunza, kwa sababu mwalimu ndiye aliyekuwa wa mwisho darasani. Wao walikanyaga kwa ukingo wa mguu, wakaushusha polepole, wakapita kama moshi. Mimi bote zangu zilipiga makofi kwenye mashavu ya miguu, pwap, pwap, na kila pwap ndege wote wa Baraka waliondoka. Watoto wakavumilia mara mbili. Mara ya tatu msichana wa Minembwe akanijia na kuninong'oneza kwa heshima, "Madamu, tunakuomba utoe bote." Nikazitoa. Basi kile kitu pekee kilichonipa kazi nikakiacha kando ya choo, nikaingia majanini miguu mitupu nikiomba Mungu.

Ni siku hiyo tulipomwona kwale.

Aliruka karibu na miguu yangu kwa kishindo na makelele, mimi nikakaa chini bila kupenda, na watoto wakaangalia pale alipotoka. Kulikuwa na shimo dogo kwenye nyasi, limetandikwa majani makavu, na ndani yake mayai manane yenye rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Watoto wote ishirini na wawili waliinama juu yake. Nikasikia tumbo moja likinguruma, halafu la pili likaitikia.

"Tutayaangalia," nikasema, "mpaka yaanguliwe."

Sijawahi kuomba kitu kigumu zaidi kwa watu wenye njala. Lakini walikubali, tena kwa moto zaidi kuliko nilivyotegemea. Wakaandika orodha ya walinzi wawili wawili: asubuhi kabla ya kengele, wakati wa mapumziko, na mchana. Siku ya pili wakaandika orodha nyingine ya kuwalinda walinzi. Kutoka kichaka cha mbali walijifunza kumtambua mama kwa ngozi nyekundu ya shingoni, kama mtu aliyefunga kitambaa cha harusi, na kwenye kaye zao nikaanza kusoma saa anayotoka kula na njia anayorudia.

Habari ikamfikia Dirikteri. Yeye ni mtu wa milimani, alikulia juu ya Fizi-Centre, na utoto wake wote alitega kwale. Akaja mwenyewe na suti yake, akachungulia, akatikisa kichwa taratibu.

"Nyanya yangu alikuwa anawapika na mawese," akasema. "Anaweka pilipili moja tu, nzima, haipasuke." Macho yake yalikuwa mbali. "Yamebaki mangapi?"

"Manane, Dirikteri."

"Muzuri. Muangalie vizuri."

Kila siku alipita kuuliza yamebaki mangapi. Watoto wakaanza kumtazama kwa jicho baya, na jina lake nililikuta, kwa penseli, chini ya orodha ya watu wa kuangaliwa.

Mwisho wa juma la kwanza yakabaki saba. Siku mbili baadaye, sita.

Kesi ilifanyika siku ile ile, na mimi sikuiitisha. Nilitoka chooni nikawakuta wamepanga mstari, kila mmoja amefungua kinywa, na mwenzake ananusa. Walipofika kwa mtoto wa mandazi walinusa mara tatu. Kinywa chake kilinuka mafuta, kama kawaida ya siku zote, lakini sasa mafuta yamekuwa ushahidi. Wakamzunguka. Akaanza kulia, machozi makubwa.

"Madamu, mi sikukula! Nilifikiria tu! Kufikiria iko kosa?"

Nikawaambia kufikiria si kosa, na kama lingekuwa kosa, shule nzima ingefungwa, kuanzia ofisini. Lakini nani basi aliyekula? Tukaamua tujifiche na kuangalia. Watoto wakajenga kibanda cha majani kando ya kijito, upande ambao upepo ulitoka kwenye kiota kuja kwetu, na Ijumaa tukaingia humo sita: mimi bila bote, msichana wa Minembwe, mtoto wa mandazi aliyedai haki ya kusafisha jina lake, na wengine watatu waliojua kukaa kimya.

Tulikaa muda mrefu. Mama kwale akatoka kwenda kula. Na hapo, kutoka upande wa kijito, akaja nguchiro.

Alikuwa mdogo, mrefu wa mwili, na uso wa mtu anayekuja kudai kilicho chake. Akaingia kwenye kiota, akatoka na yai moja, akaliviringisha hadi kwenye jiwe. Akaligeuzia jiwe mgongo, akalishika lile yai kwa mikono miwili, akainama, na akalirusha kinyumenyume kati ya miguu yake ya nyuma. Likagonga jiwe, halikupasuka. Akalifuata, akalirudisha, akajipanga upya kama mpiga penalti.

Kibandani mtoto mmoja aliokota jiwe taratibu, na msichana wa Minembwe akamshika mkono.

"Tunaangalia," akamnong'oneza.

"Lakini anatukulia!"

"Yee pia iko na njala."

"Yee hakuandikwa kwa orodha!" akasema mtoto wa mandazi, kwa mnong'ono uliojaa uchungu wa siku zote alizosingiziwa.

Nilitaka kutoa uamuzi. Nilitaka kusema kitu cha busara juu ya nguchiro na haki yake. Lakini wakati huo siafu, waliokuwa wamepanda mguu wangu mtupu kimya kimya bila mimi kujua, waliamua wote kwa pamoja kuuma. Nilipiga ukelele ambao, naambiwa, ulisikika hadi sokoni. Nilitoka kibandani na ukuta mmoja wa kibanda mgongoni, nikaruka, nikajipiga mapaja, nikaita jina la mama yangu. Nguchiro akaacha yai na kutoweka, na hatukumwona tena.

Waliponitoa siafu wa mwisho, kesi ikafunguliwa upya. Mimi ndiye niliyeandika ubaoni kwamba tunaangalia tu, na mimi nimeingilia.

"Ni siafu walioingilia," nikajitetea.

Wakajadiliana, wakaniachilia. Mtoto wa mandazi alilibeba lile yai kwa viganja viwili, likiwa zima, akalirudisha kiotani akitembea kama mtu aliyebeba mtoto mchanga wa pasta wa kanisa. Mayai yakabaki sita. Jioni nikasoma kaye zao, kurasa na kurasa juu ya nguchiro: jinsi anavyosimama, anavyonusa, mkono gani anaanza nao. Mmoja alichora yai angani, na mistari midogo nyuma yake kuonyesha mwendo. Hakuna aliyetaja chumvi.

Dirikteri alipopata habari alikasirika kwa jina la shule. Alivua koti, akakata matawi ya miiba, akayasimika kuzunguka kiota na kuacha mlango unaotosha kwale akiinama. Alifanya haraka na vizuri, mikono yake ikikumbuka kazi aliyoiacha miaka mingi. Watoto walimsaidia lakini hawakumfuta kwenye orodha.

Juma la tatu likapita. Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, nilikuwa nafungua darasa niliposikia miguu ikikimbia. Walinzi wawili wa zamu walikuwa wanalia kabla hawajanifikia.

"Madamu, yameisha! Yote! Imebaki maganda!"

Nikaenda. Kiota kilikuwa kitupu, na maganda yametawanyika. Kwale hayupo. Watoto wakaja mmoja mmoja hadi wakatimia, wakasimama pale wamevaa sare zao za bluu na nyeupe kama watu waliokuja kuzika. Mimi niliyeogopa mende nikapiga magoti, nikapekua nyasi kwa mikono.

Kisha mtoto mmoja akasema kwamba jana, Jumapili jioni, alimwona Dirikteri akitoka nyuma ya shule. Na beseni.

Nilijaribu kuwazuia. Lakini watoto ishirini na wawili wakishageuka upande mmoja, mwalimu anabaki kuwafuata. Waliingia ofisini bila kubisha. Dirikteri alikuwa anachonga penseli. Mtoto wa mandazi ndiye aliyekuwa mbele, maana hakuna aliyeijua kesi hii kwa mwili wake kama yeye.

"Dirikteri," akasema, "tunakuomba ufungue kinywa."

Nikafumba macho. Nikaanza kuhesabu shule nyingine ambazo huenda zingenipokea, Kilembwe labda, huko ndani ambako habari huchelewa kufika. Nilipofumbua, Dirikteri alikuwa bado ameshika penseli, na kinywa chake kilikuwa wazi. Nadhani ni mshangao uliokifungua. Mtoto akasogea, akasimama kwa vidole, akanusa kwa makini yote.

"Sombe," akatangaza, yaani kisamvu. "Ya jana."

"Ndiyo, sombe!" Dirikteri akapata sauti. "Nilichuma sombe kwa shamba ya shule, nikapitia kuangalia miiba! Hiyo beseni ilikuwa ya sombe! Madamu, hii ni nini?"

Kabla sijajibu, msichana wa Minembwe alipenya katikati yetu. Hakuwa amekuja nasi ofisini. Alibaki kule kwenye kiota, na sasa alishika maganda kwenye pindo la sketi. Akayaweka mezani, juu ya karatasi za Dirikteri, moja baada ya jingine.

"Muangalie," akasema. "Ile ya kwanza nguchiro alikulaka, nilionaka maganda yake kwenye jiwe, ilivunjikaka hivi na hivi. Hizi zote zimekatwa fasi moja, huku kwenye unene, muzunguko. Kama kofia. Hii muntu amefungua kutoka ndani."

Tuliinama wote juu ya meza, Dirikteri pia. Ilikuwa kweli. Kila ganda lilikuwa na kifuniko chake, kimekatwa vizuri kama kwa mkasi wa baba yangu.

"Vifaranga vya kwale havikai kiotani," Dirikteri akasema polepole. "Vinakauka, vinatembea. Nilijua. Nilisahau." Akanitazama mimi, kisha mtoto wa mandazi, na nafikiri alikuwa anaamua kama akasirike. Lakini saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa moja na nusu, akachukua nondo yake na kutoka kwenda kupiga kengele, ambayo ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye baraza.

Tulimfuata hadi barazani. Uwanja ulikuwa umejaa watoto wa madarasa yote, wanakimbia na kupiga kelele. Dirikteri akainua nondo, na mkono wake ukabaki juu.

Kwenye ukingo wa nyasi alikuwa ametokea mama kwale, shingo nyekundu imenyooka. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaingia uwanjani. Nyuma yake vilikuja vitu vidogo vya kahawia, vinakimbia na kusimama, vinakimbia na kusimama. Darasa langu halikupiga kelele. Waliteremka barazani kwa ukingo wa mguu, wakaenda kuwasimamisha wenzao, mmoja huku, mmoja kule, kwa kuwashika tu begani, hadi uwanja mzima ukanyamaza. Watoto wa mwaka wa kwanza walikaa chini mavumbini bila kuambiwa.

"Moja," mtoto wa mandazi akahesabu kwa pumzi. "Mbili. Tatu, ine. Tano." Wa sita alikuwa amekwama kwenye alama ya gurudumu la pikipiki, akijaribu kupanda na kuanguka. Mama akarudi, akasimama juu yake akilalamika. Hakuna aliyeenda kumsaidia. Nilimwona msichana wa Minembwe ameshika mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo. Mara ya nne akapanda.

Iliwachukua muda kuvuka. Mama hakuwa na haraka yoyote na shule yetu. Alisimama katikati ya goli kuparua ardhi na kuwaonyesha kitu, na Dirikteri muda wote huo alibaki na nondo hewani, jasho likimtoka, mpaka mkia wa mwisho ulipozama kwenye vichaka upande wa kijito. Hapo akapiga kengele, mara moja tu, taratibu.

Tulichelewa karibu robo saa. Kuchelewa kwa namna hiyo lazima kuandikwe kwenye kitabu cha shule, kwa Kifaransa, na sababu yake, maana inspekta hukisoma. Mchana Dirikteri aliniita, akanionyesha mstari mtupu, akaniuliza kwale anaitwaje kwa Kifaransa. Sikujua. Aliwauliza walimu wengine sita, nao hawakujua. Akafikiri sana, akachonga penseli, kisha akaandika kwamba masomo yalichelewa kwa sababu ya kuku saba.

Inspekta alipofika mwezi uliofuata, alisimama kwenye ukurasa huo muda mrefu. Akauliza hao kuku ni wa nani. Dirikteri akajibu kwamba ni wa shule. Inspekta akaandika kwenye ripoti yake kwamba shule yetu imeanza ufugaji, akatupongeza, na akapendekeza tujenge banda.